Ongeza Theluthi

Kasha la kompyuta liliwekwa juu ya meza ya chumba cha vielelezo saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mpaka saa mbili na nusu Inspekta alikuwa hajaligusa. Alilizunguka mikono nyuma, akalitazama ubavu mmoja, akarudi akautazama ule mwingine. Koplo alisimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Afande, tulifungue, au tunasubiri lijifungue lenyewe?"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Mimi sina. Mkuu ndiye anayo."

Ilikuwa kweli. Juu ya jalada Mkuu wa kituo alikuwa amebandika karatasi ya maneno matano: *Kwa mwendesha mashtaka, saa kumi.* Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Mlalamikaji, fundi umeme wa majumba, alidai kwamba kompyuta ya mkewe iliundwa na fundi aliyefunga pawa saplai ndogo, boksi linalogawa umeme ndani ya kasha, huku akijua wazi kwamba kadi ya picha iliyomo ndani ni kubwa. Jumatatu asubuhi mkewe alipoiwasha ilitoa moshi, ikaua diski mbili na ile kadi, na yeye akaungua mkono wa kulia alipokuwa akichomoa waya. Mkewe ni mhariri wa filamu. Kwenye diski zile kulikuwa na kazi ya miezi tisa, filamu ya mafunzo ya wakunga.

Fundi aliyeiunda alikuwa mahabusu tangu jana, na jina lake mjini lilikuwa Fundi Mafundo. Kama jalada lingeondoka lilivyo, kesho asubuhi angesimama kizimbani kwa kumjeruhi mtu kwa uzembe, na kibanda chake kingefungwa.

"Fungua," alisema Inspekta.

Koplo alilegeza skrubu mbili, akauvuta mlango wa ubavuni. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka kama mtu aliyekuwa akisubiri nyuma ya mlango. Upande wa ndani wa mlango ule kulikuwa na hesabu ya penseli, kwa mwandiko mdogo ulionyooka:

*Kadi ya picha 320. Prosesa 125. Mengineyo 60. Jumla 505. Pawa saplai 550.*

Inspekta aliinakili neno kwa neno kwenye daftari lake la mazoezi, lile la karatasi za mistari ambalo wenzake walimcheka nalo. Kisha akainama.

Ndani, nyaya zilipita pembeni kama nywele zilizosukwa. Kila baada ya shubiri moja zilikazwa kwa uzi mweupe uliopakwa nta, na kila mahali uzi ulimalizikia kwenye fundo dogo lenye masikio mawili yaliyokatwa sawa. Alihesabu mafundo saba. Yote yalikuwa mazima.

"Ndiyo maana anaitwa Mafundo," alisema Koplo. "Hata shangazi yangu anazo mbili za kwake. Anasema akilifungua kasha anaona raha, hata kama haelewi kitu."

"Nishikie tochi. Hapa."

Waya uliokwenda kwenye diski ulikuwa na vichwa viwili kama nyaya nyingine. Kichwa cha upande wa diski kilikuwa cheusi na kimeyeyuka. Inspekta aliufuata waya kwa kidole, fundo moja baada ya jingine, mpaka upande wa pili, pale unapochomekwa kwenye pawa saplai. Akakichomoa. Kichwa hicho nacho kilikuwa kimebadilika rangi. Pini mbili zilikuwa za kahawia na plastiki yake imelegea. Kisha akamulika tundu ambamo kichwa kile kilikuwa kimekaa.

Tundu lilikuwa safi. Pini zake ziling'aa.

Koplo alianza kuhamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Afande?"

"Kichwa kimeungua, tundu halijaungua," alisema Inspekta. "Piga picha. Vyote viwili pamoja, na rula pembeni. Halafu piga feni ya pawa saplai."

"Feni ina nini?"

"Sijui bado. Inatazama juu. Ipige tu."

*

Fundi Mafundo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kiunoni, kwa sababu mkanda ulibaki kaunta. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye vidole virefu. Swali la kwanza aliliuliza yeye.

"Mkono wa dada unaendeleaje?"

"Dada yupi?"

"Mama Pacha. Mteja."

"Umefungwa bandeji. Kaa chini."

Alikaa.

"Pawa saplai ulimfungia wewe?"

"Mimi."

"Wati mia tano na hamsini."

"Ndiyo, afande. Hesabu niliiandika mlangoni. Vyote kwa pamoja havifiki hapo."

"Alikuambia ununue ya ukubwa huo?"

Fundi alitazama meza. "Tulielewana."

"Mashine ilikuwa na matatizo kabla ya Jumatatu?"

"Ilikuwa ikizimika. Akiipa kazi nzito, inazima. Akiwasha tena, inawaka."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilikuwa nakwenda. Nasafisha vumbi, nakaza nyaya, naangalia."

"Mara ngapi?"

"Kadhaa."

Inspekta alifungua bahasha yenye vitu vyake, akamsogezea simu. "Nimeambiwa hutoi mashine kibandani bila kuipiga picha. Nionyeshe hii."

Aliitafuta kwa kidole gumba, haraka, bila kupita sana kwenye picha za wateja wengine. Kasha lilikuwa wazi, mafundo saba yakionekana, na pawa saplai ikiwa chini mahali pake. Feni yake ilitazama chini.

"Feni huwa unaigeuza chini siku zote?"

"Siku zote. Ivute hewa baridi ya nje kupitia matundu ya sakafuni. Ukiigeuza juu inavuta joto la kadi." Akainua kichwa. "Kwani imegeuzwa?"

Inspekta alifunga daftari. "Tutazungumza tena mchana. Koplo, mpatie chai. Na mkanda wake."

*

Shahidi mtaalamu wa jalada lile alikuwa na duka lililoshikana ukuta na kibanda cha Fundi Mafundo, mlango kwa mlango. Vyeti vitano vilitundikwa nyuma ya kaunta, vyote kwenye fremu, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Msomi. Alikuwa amevaa shati jeupe lisilo na doa, na alipomwona Inspekta alifuta kiti kwa leso kabla ya kumkaribisha.

"Karibu afande. Nimeshaandika kila kitu kwenye maelezo yangu. Mtu anafunga pawa saplai ya mia tano na hamsini kwenye kadi ya mia tatu na ishirini! Kwenye boksi la kadi wenye kiwanda wameandika mia saba na hamsini. Yeye hasomi maboksi. Yeye anafunga uzi."

"Uzi wenyewe ni mzuri lakini," alisema Koplo.

Msomi alimtazama kama mtu aliyekanyagwa. "Mzuri, mzuri. Kila mtu mzuri, mzuri. Mimi nimekaa darasani miaka mitatu. Mtu akiingia hapa anauliza, 'Samahani, yule wa mafundo yuko wapi?' Mimi ndiye ninayeelekeza, afande! Kila siku naelekeza wateja waende mlango wa pili!"

Inspekta alimwacha amalize, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Unayo kadi kama ile?"

"Ipo ya maonyesho."

"Na pawa saplai ya mia tano na hamsini?"

"Ipo."

"Tafadhali zifunge pamoja. Nataka kuona mtu akifanya kosa hili mbele yangu."

Msomi alisita, lakini mikono yake ilipenda kazi kuliko maneno. Baada ya robo saa mashine ilikuwa mezani, imefunguliwa ubavu. Aliipa kazi nzito ya kuchora picha zinazozunguka. Feni zikaanza kuvuma. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kioo kikawa cheusi na feni zikasimama zote kwa pamoja.

"Umeona?" alisema Msomi.

"Nimeona imezima. Nini kimeungua?"

"Bado. Ngoja…" Aliigusa pawa saplai. Akainusa. Akabonyeza kitufe, na mashine ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Diski?"

"Nzima."

"Kadi?"

"Nzima."

"Tuirudie."

Waliirudia mara nne, na Inspekta akaandika mara nne: *Imezima. Hakuna kilichoungua.* Mara ya nne Msomi alivuta kiti akakaa.

"Ina kinga," alisema, sasa bila kelele. "Kadi ikishtuka inavuta ghafla karibu mara mbili ya ilivyoandikwa. Kwa sekunde ndogo sana tu. Pawa saplai ikizidiwa, inajizima. Nzuri zote ziko hivyo. Hii aliyofunga ni nzuri."

"Kwa hiyo iliyo ndogo inachoka, inakaa chini. Haiviui inavyovilisha."

"Kwa kawaida, hapana."

"Kwenye maelezo yako uliandika ndiyo."

Msomi aliichukua leso, akaikunja, akaikunjua.

"Kielelezo chenyewe uliwahi kukiona?"

"Nilisimuliwa."

Inspekta hakumkaripia. Aliweka mbele yake picha ya kichwa cha waya na tundu, vikiwa pamoja na rula. Msomi aliishika karibu na macho. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisahau kujitetea.

"Huu waya haukuungulia hapa," alisema. "Umeungua ukiwa kwenye pawa saplai nyingine. Mtu alibadilisha boksi, akaacha nyaya." Akasimama. "Lakini nani mjinga wa kubadilisha boksi akaacha nyaya? Kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, ila ndani ni mambo mengine. Diski inataka volti tano kwenye waya huu, unaipa kumi na mbili. Hapo lazima moshi. Hata mwanafunzi wa wiki ya pili…"

Macho yake yalikwenda chini ya kaunta, yakarudi.

"Kuna nini chini ya kaunta?" aliuliza Inspekta.

Msomi aliinama polepole, akatoa mfuko mweusi wa kitambaa wenye zipu. Ulikuwa umejaa nyaya mpya, bado zimebanwa kwa vipande vya plastiki vya kiwandani.

"Jumamosi niliuza pawa saplai ya wati elfu moja. Mteja akauacha mfuko huu. Nikamwita, 'Kaka, nyaya zako!' Akasema, 'Baki nazo, kwangu nyaya zipo, zimefungwa vizuri mno.' Alilisema neno *vizuri* kama anatema mbegu."

"Hukumwambia kwamba haziingiliani?"

"Nilianza. Akanikata. Akasema ameshika umeme miaka ishirini, asifundishwe umeme na muuza maboksi." Msomi aliuma mdomo. "Nikasema haya. Nenda."

"Alivaaje?"

"Ovaroli ya bluu. Testa ya umeme mfukoni."

"Na jana ulipoulizwa maelezo, hukumkumbuka."

"Nilimkumbuka," alisema Msomi. Alitazama ukuta uliomtenga na kibanda cha jirani. "Sikuwa na uhakika ni yeye. Na sikutaka kuwa na uhakika, afande. Hilo ndilo jibu langu, liandike tu."

Inspekta aliliandika. Kisha akaomba daftari la waranti, akanakili namba ya boksi na namba ya simu iliyoandikwa pembeni yake. Alipotoka, badala ya kuelekea kwenye gari, aliuchukua ufunguo wa kibanda cha Fundi Mafundo kutoka kwa Koplo, akaingia humo.

Kulikuwa na mashine tatu za wateja zikisubiri kuchukuliwa. Alifungua milango ya ubavuni yote mitatu na kusoma penseli. Alikaa humo muda mrefu kuliko Koplo alivyotarajia, na alipotoka daftari lilikuwa kwapani, limefungwa.

"Umepata nini, afande?"

"Twende tukamchukue Fundi. Na kasha tulibebe."

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na ndani yake hapakuonekana waya hata mmoja. Kila swichi ilikaa sawa na ukuta, kila soketi ilikuwa imepimwa kwa pima maji. Chumba cha kazi cha Mama Pacha peke yake ndicho kilichokuwa na doa jeusi ukutani na pazia lililoungua pindo. Ilikuwa saa nane mchana, na watoto walikuwa shuleni.

Mama Pacha alikaa kwenye kiti chake cha kazi, mkono wa kulia kifuani, umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mumewe alisimama nyuma yake. Alikuwa mtu mpana, wa ovaroli ya bluu, na Fundi Mafundo alipoingia nyuma ya Koplo akiwa amelibeba kasha, alipiga hatua moja mbele.

"Huyu anafanya nini kwangu?"

"Shikamoo shemeji," alisema Fundi.

"Shemeji yako nani? Afande, sikia hilo. Yeye humu ndani ana dada, ana shemeji, ana kikombe chake. Dada yake kwa tumbo lipi?"

"Baba Pacha," alisema mkewe bila kugeuka.

"Mara tisa! Ndani ya miezi sita amekuja mara tisa, ninazo tarehe. Mke wa fundi umeme anamwita mtu wa nje aje amtengenezee umeme! Pale kazini wananiuliza, 'Bosi, leo kwako kumezimika tena?'"

"Nimelileta kasha mlitambue," alisema Inspekta. "Halafu nina swali la kitaalamu kwako, baba. Wewe umeme umeushika miaka mingapi?"

Mume alitulia kidogo. "Ishirini na moja."

"Ungekuwa unafunga kifaa chenye feni ndani ya kasha kama hili, feni ungeitazamisha wapi?"

"Juu. Joto linapanda, afande. Kila mtu anajua."

"Fundi hapa huitazamisha chini."

"Ndiyo maana imeungua!"

"Hapana." Inspekta aliweka picha mbili mezani, ya simu ya Fundi na ya chumba cha vielelezo. "Siku ilipotoka kibandani ilitazama chini. Ilipofika kituoni ilikuwa inatazama juu. Jumatatu mama alipokwenda zahanati na jirani, wewe ulirudi nyumbani ukiwa peke yako. Kwa muda gani?"

"Sikumbuki."

"Saa mbili nzima," alisema Mama Pacha. Sasa alikuwa amegeuka. "Nilikukuta umeshafungua madirisha. Nikasema, angalau kafungua madirisha."

Koplo aliuweka ule mfuko mweusi juu ya meza. Haukutoa sauti, lakini mume aliutazama kama kitu kilichoangushwa toka darini.

"Huu uliuacha dukani Jumamosi," alisema Inspekta. "Waranti ina namba yako ya simu. Boksi la wati elfu moja liko wapi?"

Mume alimtazama Koplo, kisha mlango, kisha mkono wa mkewe. Ubishi ulimtoka taratibu, akabaki amesimama tu.

"Kwenye gari la kazi," alisema. "Chini ya mabomba."

"Kwa nini hukuzichukua nyaya zake?"

"Ningezichukua ningelazimika kukata mafundo ya huyu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Mke wangu angeyaona yamekatwa, angempigia simu. 'Fundi, njoo uone, mtu amegusa.' Nilitaka isizimike tena, basi. Isizimike, asiitwe. Nilitia boksi kubwa, nikachomeka vichwa vyake vilevile, vikaingia bila shida. Kwenye nyumba, afande, soketi ikikubali plagi, imekubali. Ni mpango mmoja toka mlango wa kwanza wa mtaa mpaka wa mwisho. Sikujua kama kuna watu wanatengeneza kitu kinaingia halafu kinaua."

"Na ilipoungua?"

"Nikairudisha ya kwake."

"Ukaja kituoni ukamshitaki."

Mama Pacha alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hata Koplo aliona vyema kuangalia pazia.

"Baba Pacha," alisema mwishowe. "Mkono huu umeusafisha wewe kila asubuhi. Umeniosha, umenifunga bandeji, ukanipa pole. Siku tatu."

"Mke wangu…"

"Nyamaza kwanza."

Fundi Mafundo aliliweka kasha chini. Mabega yake yalikuwa yamepanda kidogo, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mimi nilimwambia afande," alisema. "Hesabu yangu ilikuwa sawa."

"Hilo nalo nilitaka tuliangalie," alisema Inspekta.

Alifungua daftari lake la mazoezi. Alisoma bila haraka, kidole kikifuata mstari.

"Kibandani kwako mna mashine tatu. Ya mwenye duka la dawa: kadi mia moja na sabini, prosesa sitini na tano, mengineyo hamsini. Jumla mia mbili themanini na tano. Halafu umeandika, *ongeza theluthi*. Umefunga mia nne. Ya mwalimu wa muziki: jumla, halafu *ongeza theluthi*. Ya kanisa hivyo hivyo. Zote tatu umeziachia nafasi ya kushtuka." Akageuza ukurasa. "Ya Mama Pacha: jumla mia tano na tano. Pawa saplai mia tano na hamsini. Neno *theluthi* halipo. Kwa kadi ile ulitakiwa kufika mia saba."

"Nilitaka kumpunguzia gharama," alisema Fundi haraka.

Mama Pacha aliinuka kwenye kiti. "Mimi? Nilikuambia weka inayotakiwa. Nilisema hivyo mbele ya dada yangu mkubwa. Nilikuambia hili ndilo jembe langu, usinipunguzie kitu."

"Nilisahau."

"Mashine tatu hukusahau," alisema Inspekta. "Na mara tisa ulipoitwa, ukaikuta inazima vilevile, hukusema *dada, hii ni ndogo, tubadilishe.* Msomi aliitambua mbele yangu leo asubuhi. Wewe ni fundi kuliko Msomi. Yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana hapati usingizi."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda mpaka sauti yake ikaisha. Fundi alikuwa akivitazama vidole vyake.

"Mara tisa zile," alisema Mama Pacha, "ulikuwa unasafisha nini?"

"Vumbi."

"Vumbi lilikuwepo?"

Fundi alivikunja vidole vyake. "Mara ya kwanza."

Mume alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Si nilisema! Si nilisema mimi! Nilisema huyu…"

"Wewe ulisema," mkewe alimkata, "ukaenda kununua boksi. Kinywa ulikuwa nacho."

Mume akarudi hatua moja nyuma.

Inspekta aliangalia saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro kumi. Aliandika mistari minne, akasoma alichoandika, kisha akamgeukia mume. "Wewe utakuja na Koplo. Maelezo uliyotoa jana yalikuwa ya uongo, na uongo kituoni una kifungu chake. Boksi la gari uje nalo." Akamgeukia Fundi. "Wewe unaachiwa. Mkono huu kuungua si kosa lako. Hilo la theluthi nimelitafutia kifungu njia nzima, sijakipata."

"Asante, afande," alisema Fundi. Hakuna aliyemwambia karibu.

"Mama, diski usizitupe. Msomi anasema wako watu wanaobadilisha kibao cha umeme cha chini yake, wakati mwingine zinasoma tena. Hakuahidi." Inspekta alisita. "Nitahitaji kuzichukua nyaya zilizoungua. Ndizo ushahidi."

Mama Pacha alilitazama kasha. Nyaya zilikuwa zimetulia pembeni, zimesukwa, mafundo saba meupe yakiwa kwenye mstari.

"Na uzi?"

"Uzi siuhitaji."

"Basi ngoja nikutolee."

Alivuta droo kwa mkono wa kushoto, akatoa mkasi. Fundi alipiga hatua. "Dada, hayo yana namna yake, nikufungulie…" Mumewe naye alikuwa ameshatoa koleo mfukoni. "Lete, mke wangu, mkono wako huo…"

Hakumwangalia yeyote. Alipiga magoti mbele ya kasha na kuingiza ncha ya mkasi chini ya fundo la kwanza. Kwa mkono wa kushoto mkasi haukukata vizuri. Ulitafuna uzi, ukateleza, ukatafuna tena. Ilimchukua karibu dakika nzima. Masikio mawili meupe yakaanguka sakafuni.

"Afande," alisema akilitafuta la pili, "nikinunua nyingine, nahesabuje?"

Wanaume wawili walifungua midomo kwa pamoja.

"Kadi, prosesa, mengineyo," alisoma Inspekta kutoka kwenye daftari. "Jumlisha, halafu ongeza theluthi. Na utumie nyaya zilizokuja nayo."

"Sawa," alisema Mama Pacha. "Yamebaki sita."